Babu alitoka China, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nimezaliwa hapahapa Mtwara, babu mzaa baba alitoka Guangdong, jimbo la kusini mwa China, akaoa Mmakonde, alifariki nikiwa mdogo na nyumbani hakuna anayejua Kichina. Natamani sana kujua kwetu kwa huko, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, umenigusa. Anza na jina la ukoo kama lilivyoandikwa kwa Kichina chenyewe, sio kwa herufi zetu, maana koo nyingi za kule zina kitabu cha ukoo kinachotaja watu kizazi kwa kizazi, na jina bila kijiji halikufikishi mbali. Mwombe bibi afungue sanduku lake, angalieni barua, paspoti ya zamani, hata nyuma ya picha. Lugha sasa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Taasisi ya Confucius tangu 2013 ila wanafundisha Kimandarini, yaani Kichina rasmi, na babu wa Guangdong huenda aliongea Kikantoni au Kihakka, wenye lugha hizo na wa Kimandarini wakiongea hawaelewani kabisa lakini kwenye maandishi wanakutana, kwa hiyo we jifunze tu. Halafu kuna Qingming, sikukuu ya Wachina ya kukumbuka wazee, tarehe 4 au 5 Aprili, wanasafisha makaburi ya wazee na kuweka chakula. Kaburi la babu kama liko hukohuko Mtwara basi usisubiri nauli ya China, Aprili ikifika beba jembe na wadogo zako mwende.