Farao na moyo mgumu: nani aliufanya?

Je, Mungu alimlazimisha Farao, mfalme wa Misri, kuwa na moyo mgumu kisha akamwadhibu kwa huo ugumu? Hapana, Farao hakuanza akiwa amefungwa asiweze kuchagua. Soma kitabu cha Kutoka kwa mfuatano wa mapigo, yaani maafa ambayo Mungu aliiletea Misri. Kwenye pigo la vyura (8:15) ni yeye mwenyewe aliyeufanya moyo wake kuwa mzito, tena pale alipoona amepata nafuu. Kwenye mainzi (8:32) akarudia. "BWANA akaufanya mgumu" inatokea kwa mara ya kwanza baada ya pigo la 6, la majipu (9:12). Na hata baada ya hapo, mvua ya mawe ilipokatika, ni Farao tena aliyetenda dhambi na kuufanya moyo mzito, pamoja na watumishi wake (9:34). Ndiyo maana adhabu yake ni ya haki: alitii pigo likimbana, likiondoka anageuka.

Kiebrania kinasaidia hapa. Neno moja linalotumika kwa huo ugumu wa moyo lina maana ya kukaza au kutia nguvu, jingine ni kutia uzito. Kwa hiyo wengi husema Mungu alimkazia kile alichokwisha kukichagua, hakumpandikizia uovu mpya.

Ila usiikwepe 4:21: Mungu alitangaza atamfanya mgumu kabla Musa hajafika Misri. Paulo katika Warumi 9:18 anaegemea upande huo wa uamuzi wa Mungu, na Wakalvini (wafuasi wa mafundisho ya Yohane Kalvini) wanaanzia hapo. Waarminio (wafuasi wa Yakobo Arminio, wanaosisitiza hiari ya mwanadamu) wanasema kutangaza mapema si kulazimisha. Mgawanyiko huo ulijadiliwa rasmi kwenye Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618–1619, na haujaisha. Binafsi naona mpangilio wa sura ya 8 hauwezi kurukwa.