Jua Likiwa Mgongoni kwa Mtoto

SWALI: Habari, fundi. Jioni nampiga mwanangu wa miaka minne picha uani, jua likiwa nyuma yake. Nywele zinang'aa vizuri, ila uso unatoka mweusi na picha inajaa ukungu mweupe. Ninunue lensi nyingine?
Mama wa Shanty Town, Moshi

JIBU: Usinunue, dada yangu. Hela hiyo ina ada ya shule ndani yake.

Uso unakuwa mweusi kwa sababu kamera inapima mwanga wa jua pamoja na mtoto. Iamuru ipime usoni tu, au ongeza mwangaza kwa +1 hadi +1.5. Anga la nyuma litaungua, yaani litatoka jeupe tupu, liache liungue. Mtu ashike shuka jeupe mbele ya mtoto, chini ya usawa wa kidevu, macho yapate uhai.

Ukungu ule ni mwanga unaodundadunda kati ya vioo vya lensi, na alama za vidole huuzidisha, kwa hiyo futa kioo kwanza. Halafu lifiche jua nusu nyuma ya kichwa chake au shina la mwembe, usogee kidogo kidogo huku ukitazama miale. Kwa f/2.8, yaani tundu la lensi likiwa wazi, miale inakuwa ukungu laini. Kwa f/16, tundu likiwa dogo, jua linakuwa nyota, ila mwanga unapungua na mtoto anayekimbia atatoka na ukungu wa mwendo. Mimi nyota hizo sizipendi. Zinamwibia mtoto picha.

Kamera ikishindwa kulenga, kinga lensi kwa kiganja, lenga jicho, kisha ondoa mkono. Anza saa kumi na moja na nusu, maana jua letu huzama upesi. Na usilichungulie moja kwa moja kwenye kidirisha cha kamera.