Jina la kuchekesha kwenye D&D: ficha mzaha ndani

Kama umeshacheza D&D (Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa hadithi ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake) kidogo tu basi unamjua yule mtu, wenzake wote wameleta majina ya kifalme ya kutisha, yeye anakaa chini anasema paladini wangu, yaani shujaa mtakatifu wa vita, anaitwa Chipsi Mayai. Meza nzima inacheka mpaka soda inatokea puani. Haya, subiri wiki ya tatu. Mfalme kakasirika, DM (Dungeon Master, yule anayeendesha mchezo) kabadilisha sauti, anatamka kwa uzito kabisa "ewe Chipsi Mayai, umeisaliti ngome yangu", na hapo hakuna anayecheka wala anayeogopa, watu wanachungulia simu zao tu. Kwenye kundi letu huyo paladini alikuja kuanguka vitani, zikarushwa zile dadu za kufa na kupona, ya 3 ikakataa, akafa, na kitu pekee alichosema mtu ni "kachumbari je?"

Mi majina ya kipuuzi nayapenda jamani, tena kuliko yale marefu yenye vijimkato kila baada ya herufi mbili ambayo hata mwenye nayo anayasoma kwenye karatasi. Ila mzaha uufiche ndani ya jina. Mtu akiujua acheke, asiyeujua asikie jina la kawaida tu, halafu siku ya msiba jina liweze kuliliwa.

Na hii wala hatujaianzisha sisi. Mchezo wenyewe ulitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na wale wachezaji wa mwanzo walikuwa na utani kutuzidi. Mtoto wa Gygax, Luke, alikuwa na mhusika elfi (kiumbe wa hadithi mwenye masikio marefu) wa kiume, kwenye karatasi imeandikwa M kwa jinsia halafu elf, basi ikasomwa hivyo hivyo: Melf! Kaka yake Ernest alipangua herufi za jina lake akapata Tenser. Jim Ward alisoma lake kutoka nyuma akawa Drawmij. Hadi leo kwenye mchezo watu wanatumia uchawi wenye majina hayo, wanarusha mshale wa asidi wa Melf na kubebea mizigo kwenye sahani ya Tenser inayoelea, wako siriazi kabisa, kumbe ni utani wa watoto wa mwenye mchezo.

Sasa sisi tuna kitu bora zaidi ya kusoma kutoka nyuma, tuna kinyume, ile tuliyokuwa tunaongea utotoni ili wakubwa wasielewe, silabi ya mwisho unaitoa unaiweka mbele. Jaribu kwa vyakula uone maajabu. Maharage yanakuwa Gemahara, niambie huyo si malkia wa elfi mwenye nywele za fedha. Mandazi ni Zimanda, mchawi wa jangwani. Dagaa ni Adaga, mbilikimo mwenye shoka, hata usimwelezee mtu, wanamwona tayari. Kachumbari, Rikachumba, huyo ni jambazi tu hakuna namna. Majina ya watu pia yanakubali, Hamisi anakuwa Sihami, Rehema anakuwa Marehe. Gemahara alipokufa kwenye kampeni yetu (hadithi ndefu tunayoicheza wiki hadi wiki) kuna dada alitoa machozi ya kweli, na alikuwa anajua fika ni maharage.

Aina nyingine inayodumu ni jina linalofanya kazi ndani ya mchezo wenyewe. Jamaa yangu mmoja ana mchawi wa radi anaitwa Luku. Mnajua kwa toleo la kanuni la 2014 mchawi wa levo ya kwanza ana nafasi 2 tu za uchawi, zikiisha mpaka apumzike, na pumziko refu ni masaa 8, kwa hiyo kila pambano likifika katikati mtu lazima apige kelele LUKU IMEISHA na kila mara inachekesha, kwa sababu mzaha unaletwa na hali iliyopo. Chipsi Mayai alichekesha siku ya kwanza ikawa basi.

Kabla hujaliandika kwa kalamu, mpe DM alitamke kwa sauti ya hakimu, halafu mwenzako aliite kama anakuona unadondoka shimoni. Likiwa refu atakata njiani, likiwa sentensi nzima ndio kabisa. Silabi tatu nne zinatosha. Matusi na majina ya kudhihaki kabila la mtu achaneni nayo, hilo halihitaji maelezo. Na ulizeni mapema kampeni ni ya aina gani, maana kama ni ya vichekesho mwanzo mwisho basi futa yote niliyoandika, mlete tu Chipsi Mayai na mdogo wake Chipsi Kavu.

Kwa wanaoendesha mchezo: wekeni karatasi ya majina ya kinyume karibu, kwa sababu wachezaji lazima watamuuliza jina yule mlinzi wa getini ambaye hukumpangia chochote. Mimi niliulizwa nikasema Chamchi, mchicha huo, ulikuwa kwenye sahani mbele yangu. Adui mkuu niliyemwandikia kurasa kibao wamempita tu, wako getini wanamuuliza Chamchi kama ameoa.