Kabla ya kubana muundo kwa pragma pack

Swali: Nina muundo (struct) wa C wenye char, int na char, kwa mpangilio huo. Nilitarajia sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti, inipe 6, ikanipa 12. Mwenzangu aliniambia niweke `#pragma pack(1)`, agizo la kuiambia kompaila isiache nafasi kati ya sehemu, mwanzoni mwa faili ya vichwa (header), na kweli nikapata 6. Kwenye kompyuta yangu programu inaenda vizuri. Nikiipeleka kwenye kifaa chenye prosesa ndogo ya Cortex-M0, inaanguka pale ninapoipa funksheni nyingine pointa (anwani) ya ile int. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu ya ule ushauri. Nakutana nao kila mara, na kila mara unatolewa kana kwamba baiti za kujazia, yaani zile tupu ambazo kompaila huziacha ili int ikae kwenye anwani inayoifaa, ni uchafu wa kufagiliwa.

Ukitaka kuokoa nafasi tu, tanguliza int kisha char zote mbili, utapata 8. C hairuhusu kompaila ipange upya sehemu za muundo, kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Baiti mbili zinazobaki mwishoni zinahitajika ili ukitengeneza safu ya miundo hiyo, int ya kila mmoja iangukie anwani inayogawanyika kwa 4.

Ukishabana, int inakaa kwenye anwani yoyote ile. Tuseme muundo wako unaitwa m na ile int ni b. Ukiandika `m.b`, kompaila inajua hali hiyo na inasoma kwa uangalifu. Lakini ukichukua `&m.b` na kuikabidhi kama `int *`, taarifa hiyo imepotea njiani: funksheni inayoipokea inaamini anwani imekaa sawa. Kwa sheria za C hapo umeshatoka nje ya mipaka. Prosesa za x86, kama za kompyuta nyingi za mezani, kwa kawaida huvumilia, ndiyo maana kwako ilienda. Cortex-M0 haina uwezo wa kusoma int kwenye anwani isiyokaa sawa, basi inasimamisha kazi papo hapo. Kompaila ya GCC kuanzia toleo la 9 inaweza kutoa onyo kuhusu pointa ya namna hii bila hata kuombwa, na bado naona watu wakilizima onyo lenyewe!

Kuna kosa kubwa zaidi: kudhani muundo uliobanwa ndio umbo la data ya kutuma. Kubana hakugusi mpangilio wa baiti ndani ya int, wala hakuhakikishi int ina ukubwa uleule pande zote mbili. Tumia uint32_t, namba yenye biti 32 kamili, halafu andika baiti moja moja wewe mwenyewe (x ni namba hiyo, p ni safu ya baiti za kutuma):

`p[0] = x & 0xFF; p[1] = (x >> 8) & 0xFF;`

na kuendelea hadi p[3]. Ni mistari minne tu, na inasomeka vilevile kwenye mashine yoyote.

Tena pragma hiyo umeiweka kwenye faili ya vichwa bila push na pop, yaani bila kuhifadhi mpangilio wa awali na kuurudisha baadaye. Inaendelea kubana kila muundo unaofuata, hata wa maktaba ambayo ilikompailiwa bila kubanwa. Msimbo wako na maktaba vitauona muundo mmoja kwa sura mbili, na hakuna kosa litakaloonyeshwa. Iondoe leo. Mahali pake weka `_Static_assert`, ukaguzi unaofanywa wakati wa kukompaili, ya sizeof na offsetof (umbali wa sehemu kutoka mwanzo wa muundo), ili ukubwa ukibadilika kompaila ikatae.

Na kwa kuwa sasa baiti za kujazia zinarudi, kagua kila palipo na memcmp, inayolinganisha baiti kwa baiti, ya muundo mzima. Thamani za baiti hizo hazina uhakika, kwa hiyo linganisha sehemu kwa sehemu.