Maswali na Majibu: Mnalisingizia Tumbo la Mjusi

Barua za mwezi huu zimejaa mijusi. Nadhani kuna mwalimu mahali amegawa kazi moja darasa zima, maana tatu kati ya hizo zinafanana hadi makosa ya tahajia. Hiyo ya kwanza nimeijibu kwa niaba ya zote tatu.

Shikamoo mwalimu. Chuoni tuna slaidi mbili za tumbo (vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini), ya iguana, yule mjusi mkubwa wa Amerika, na ya mjusi kafiri. Ya iguana ina misuli minene na mikunjo mingi. Naweza kuandika kwamba ni kwa sababu anakula majani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Huwezi.

Kwanza, iguana mkubwa ana kilo kadhaa, mjusi kafiri hafikii uzito wa yai. Ukuta wa nyumba ya ghorofa ni mnene kuliko wa banda la kuku, wala hatusemi ni kwa sababu ya wanachopika ndani. Isitoshe hao wawili ni koo za mbali. Ukitaka kuzungumzia chakula, linganisha ndugu wa karibu wanaolingana umbo, mmoja mla majani na mwingine mla wadudu.

Pili, mikunjo. Alikufa ameshiba au ana njaa? Tumbo lililojaa hutanuka na mikunjo yake hulala. Tumbo tupu hujikunja kama soksi iliyovuliwa. Mjusi yuleyule anaweza kukupa slaidi mbili zisizofanana. Halafu mzoga ulikaa muda gani kabla ya kutiwa fomalini? Tumbo lina asidi na vimeng'enya, na mwenyewe akishakufa linaanza kujimeng'enya lenyewe. Kwa joto letu hutasubiri sana. Nimewahi kusoma ripoti iliyosema utando wa ndani "umechubuliwa na maganda ya wadudu", kumbe mjusi alilala mezani tangu asubuhi.

Matabaka manne ya ukuta unayajua, siyarudii. Linalostahili sentensi katika ripoti yako ni hili: kwa mjusi, seli ileile ya tezi hutoa asidi na pepsinojeni pia (ambayo hugeuka kimeng'enya cha protini), kazi ambayo kwetu sisi binadamu imegawiwa aina mbili za seli. Tezi hizo ni ndefu sehemu ya juu ya tumbo. Ukikaribia utumbo mwembamba zinakuwa fupi na zaidi ni za ute. Kwa hiyo ukikata juu kwa huyu na chini kwa yule, utapata "tofauti ya chakula" ya kupendeza kabisa, na ya uongo.

Majani yanaonekana wapi basi? Nyuma. Utumbo mpana wa iguana umegawanywa vyumba kwa vizuizi vya nyama, majani yanacheleweshwa humo na bakteria wanayachachusha. Omba slaidi ya huko.

Kwa hiyo mla majani ana matumbo manne kama ng'ombe?

Hapana. Moja.

Nimesoma kwamba mijusi wa Croatia waliota tumbo jipya kwa miaka 36 tu. Mbona hamtuambii? (Msomaji, Mombasa)

Tumewaambia, ila mnasoma vichwa vya habari. Mwaka 1971 jozi 5 za mijusi zilitolewa kisiwa cha Pod Kopište, katika bahari ya Adriatiki, zikapelekwa kisiwa kingine, Pod Mrčaru. Watafiti walirudi kuanzia 2004, na matokeo yakachapishwa 2008 na Anthony Herrel na wenzake. Kisiwa cha asili chakula kilikuwa wadudu kwa wingi. Huko kwingine, wakati wa kiangazi, mimea ilifikia asilimia 61 ya chakula. Vichwa vilikuwa vikubwa zaidi, meno yaking'ata kwa nguvu zaidi, na kwenye sekamu, pale utumbo mpana unapoanza, palikuwa na vizuizi ambavyo hupatikana kwa chini ya asilimia 1 ya spishi za mijusi na nyoka. Sekamu, ndugu yangu. Hakuna tumbo jipya.

Tena msikimbilie kusema ni mageuzi ya kurithiwa yaliyokwisha kamilika. Baadaye baadhi ya mijusi hao walilishwa wadudu watupu kwa majuma kadhaa, na vizuizi vikapungua. Nyama ya mwili hufuata kinacholiwa, huja na hurudi. Kipi kinarithiwa na kipi kinafinyangwa na mlo, slaidi peke yake haisemi.

Mjusi kafiri anakula mende. Akianguka kwenye uji, sumu ya tumbo lake inaingia?

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Hana sumu. Ila utumbo wake unaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na hakuanguka humo akiwa ameoga. Mwaga uji.

Asalaam aleikum. Mwanangu anafuga dhabu, anamlisha nyama ya kuku apate nguvu. Tumbo lake litazoea? (Mama, Muscat)

Waaleikum salaam, mama. Halitazoea. Dhabu, mjusi wa jangwani mwenye mkia wa miiba, ni mla mimea. Protini nyingi huacha asidi ya yuriki, ikaganda kwenye figo na viungo. Na hata ukimpa majani, kama chumba kina kiyoyozi ni kazi bure: bakteria wake wanahitaji mwili wenye joto la nyuzi 38 hivi, la sivyo majani yanakaa tu. Hukuniuliza, lakini nitasema: kama aliokotwa jangwani, na wengi huokotwa, hakupaswa kuwa sebuleni kwako.

Yule mjusi mwenye pembe wa Marekani anameza sisimizi wenye mwiba wa sumu. Lazima tumbo lake lina ukuta wa ajabu? (Nakuru)

Umefika mapema mno tumboni. Sisimizi anafungwa kwa ute akiwa bado kooni, anashuka hawezi hata kuchoma. Tumbo lake ni kubwa kweli, lakini kwa sababu sisimizi ni maganda matupu na inabidi ale wengi.