Mkono wa Mwongozaji Ukae Mfukoni: Kwa Wanaoanza Kupima Programu za Simu

Wadogo zangu, Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma yenu katika soko la Tengeru mkiwapima wafanyabiashara kwa ile programu ya kuagiza bidhaa. Bidii yenu ilinifurahisha. Lakini katika saa moja nilisikia "bonyeza hapo juu, mama" mara 11, na sikuweza kulala bila kuwaandikia.

1. Mshiriki akikwama, nyamaza. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza majaribio ya programu ya namna hiyo hapa Arusha. Tuliwaita washiriki watano ofisini, tukawapa simu mpya ya ofisi yenye kioo angavu, na soda baridi mezani. Wa tatu alikuwa mama anayeuza maharage soko la Kilombero. Alifika ukurasa wa mwisho akasimama, kwa sababu kitufe cha "Endelea" kilibaki cha kijivu mpaka mtu ashuke chini kabisa na kukubali masharti, na hakuna kilichomwonyesha kwamba kulikuwa na kitu huko chini. Alikitazama kioo karibu nusu dakika. Nilimwonea huruma, nikaona kama ni mama yangu mzazi anayetahiniwa mbele ya watoto, nikanyoosha kidole na kuusogeza ukurasa mwenyewe. "Ahaa, asante mwanangu," akasema, akamaliza. Kwenye fomu niliweka alama ya vema penye "amekamilisha", na kwa wawili waliofuata nikafanya vilevile. Alipoaga alisema programu yetu ni nzuri sana, nami nikayaweka maneno hayo ukurasa wa kwanza wa ripoti, nikisahau kwamba mtu uliyemwamkia na kumkaribisha kwa soda hatakuambia usoni kwamba kitu chako kibaya.

Miezi miwili baada ya programu kutoka, nilimkuta kwenye meza yake sokoni. Siku ya gulio, bei ya jumla ilipokuwa imeshuka, alijaribu kuagiza magunia mawili kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, juani, huku mteja akimsubiri. Alikwama palepale nilipomsogezea ukurasa. Akarudi mwanzo mara tatu, kisha akaacha, na magunia yakachukuliwa na wengine. Hakunilaumu. Alisema, "Nilidhani ni mimi sijui." Kasoro ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nikaifuta kwa kidole changu, na mzigo wake akaubeba yeye, pamoja na aibu isiyokuwa yake.

Kwa hiyo fomu iwe na nafasi tatu: amekamilisha peke yake, amekamilisha kwa msaada, ameshindwa. Akikuuliza afanye nini, mrudishie kwa upole: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Muda mliopanga ukiisha, funga zoezi kwa heshima, mwambie kosa ni la programu, na uandike ameshindwa.

2. Simu yake, mahali pake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichorekebishwa mwaka 2018, kinaueleza utumikaji kwa ufanisi wa kufikia lengo, kwa muda na nguvu zinazotumika, na kwa kuridhika kwa mtumiaji, ndani ya mazingira mahususi ya matumizi. Ukiliondoa jua, bando linalokaribia kuisha na maandishi aliyoyakuza mwenyewe, unapima kitu kingine. Kwenda Tengeru mlifanya vizuri. Kubeba simu za ofisi hadi huko ndiko kulikonishangaza.

3. Watano si asilimia. Hesabu ya watafiti Nielsen na Landauer ya mwaka 1993, inayotajwa kila mtu anapotetea kupima watu watano tu, ilihusu kugundua kasoro: pima wachache, rekebisha, kisha pima tena. Haikuruhusu mtu aandike "asilimia 80 wamefaulu" wakati anamaanisha watu wanne. Wauzaji wa rejareja na wa jumla ni makundi mawili. Kila moja lipimwe kivyake.

4. Dodoso la SUS (System Usability Scale), la kupima mtumiaji anavyoiona programu, alilolitunga John Brooke mwaka 1986, lina kauli 10 zinazopishana, moja ya kusifu na moja ya kulaumu, kila moja ikijibiwa kwa namba 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa namba shufwa toa jibu kwenye 5. Jumla zidisha kwa 2.5. Jumamosi mlisahau kugeuza zile shufwa, hivyo malalamiko ya watu yamehesabiwa kuwa sifa. Rudieni hesabu yote.

5. Mshiriki anayefikiri kwa sauti, yaani anayesema anachowaza huku akitumia programu, asipimwe muda katika zoezi hilohilo.

6. Zima rekodi ya skrini kabla mshiriki hajaingiza namba ya siri. Mlisahau mara mbili, na video hizo nataka zifutwe leo, kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa ripoti.