Kabla hujanunua mashine ya vishikio vya sufuria, nisikilize

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Pasua, Moshi. "Dada shikamoo. Kuna mashine ya mtumba ya kutengenezea ndoo, mwenyewe ameshusha bei. Nataka nianze vishikio vya sufuria vya bakelaiti kama wewe. Niilipie?"

Marahaba mdogo wangu. Usiilipie. Nilikujibu kwa kifupi, lakini najua wenye ndoto kama yako ni wengi, kwa hiyo leo naeleza kwa urefu.

Hiyo mashine inafanya kazi kinyume na unachotaka. Plastiki ya ndoo huyeyushwa ndani ya silinda, joto linapita nyuzi 200, kisha inasukumwa kwenye moldi ya baridi, yaani kile chuma kinachoipa umbo, ili igande. Bakelaiti, ile plastiki ngumu inayoiva kwa joto, kwenye silinda hulainishwa tu, karibu nyuzi 100, na moldi ndiyo inayokuwa ya moto, nyuzi 150 hadi 180. Humo ndimo inamoivia. Ukiitia kwenye silinda ya ndoo itaivia humohumo na kukaba skrubu inayoisukuma, na haiyeyuki tena: ni kama tofali la kuchoma, hulirudishi kuwa udongo. Mashine za kusukuma bakelaiti zipo, silinda zake hupashwa kwa maji au mafuta ya moto ili joto lisipande ovyo. Hiyo uliyoonyeshwa siyo.

Mimi nilianzia kwenye karakana moja hapa Arusha. Nilifagia, nilipima unga wa bakelaiti, nilipiga tupa kingo za vishikio vilivyotoka. Presi, ile mashine ya kukandamiza, sikuruhusiwa kuigusa, eti si kazi ya mwanamke. Basi nikajifunza kwa macho. Unga unapimwa kwa mizani, unamwagwa kwenye moldi ya chuma yenye moto, presi inashuka. Halafu inaachiwa kidogo, sekunde chache tu, mvuke utoke, kisha inafungwa kwa nguvu zote na mtu anasubiri.

Hicho kitendo cha kuachia mvuke ndicho kilichonifungua akili. Bakelaiti ilitengenezwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Marekani, kwa kuunganisha kemikali mbili, fenoli na fomaldehidi. Ikiwa inaiva hutoa maji, na kwa joto lile maji hugeuka mvuke. Baekeland alitumia shinikizo pamoja na joto ili isijae mapovu. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini presi ipo na kwa nini haina haraka.

Siku moja ikaja oda kubwa. Msimamizi akaamua kupunguza muda wa kusubiri ili idadi itimie. Vishikio vikatoka na malengelenge, mteja akarudisha mzigo wote. Lawama nikatupiwa mimi, kwamba nimepima unga vibaya. Nikaondolewa bila mshahara wa mwezi ule. Mpaka leo nikipita ile njia moyo unauma, kwa sababu mizani yangu ilikuwa sawa. Malengelenge yale yalikuwa gesi iliyonaswa ndani ya kitu kibichi. Presi ilipofunguliwa ikatanuka. Kila aliyekuwa pale alijua, na hakuna aliyesema.

Miaka ya kuhangaika baada ya hapo sitawachosha nayo. Nikapata presi ya jeki ya haidroliki, fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha akanichongea moldi, nikaanza kidogo kidogo. Mwezi uliopita nimekabidhi oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na aliyeinunua ni mteja yuleyule aliyerudisha mzigo ule. Hakunikumbuka. Nikamkumbusha, nikampa kishikio mkononi, nikamwambia akigeuze akitazame pande zote. Akalipa.

Vijana wenzangu, muda wa kuiva usiguswe. Mteja akipiga simu, usiuguse. Kishikio kinene kinahitaji dakika zaidi ya chembamba, na anayewaambia dakika ni zilezile anawaharibia kazi. Umeme ukikatika katikati, msifungue: chuma kinene kinashika joto kwa muda, kwa hiyo subirini, ongezeni muda, na moldi ikishapoa kitu hicho hakiuzwi. Mkitaka kujua kama kimeiva, chukueni kipande mkichemshe kwenye asetoni, nje, mbali na moto wowote wa wazi. Sehemu mbichi itatoka. Na muda wa kuiva, narudia, usiguswe.

Wale wenye kuweka nati ya shaba ndani ya kishikio, fikirieni presi ya kuhamisha. Unga hulainishwa kwenye chungu kilicho juu ya moldi iliyokwisha kufungwa, kisha pistoni inausukuma kupitia tundu dogo. Nati haisogezwi sana kama inavyosogezwa unga unapominywa moja kwa moja. Hasara yake ni kipande kinachobaki chunguni, hicho hutupwa. Vaeni barakoa, fungueni madirisha, mapafu hayana mtumba.

Wewe wa Pasua, ukikutana tena na muuzaji yeyote muulize mambo mawili: silinda inapashwa na nini, na moldi ina hita zake? Akijibu kwamba moldi inapozwa kwa maji, mshukuru, uende zako. Kwa hela hiyohiyo tafuta jeki nzuri, sahani mbili za chuma zenye hita na kipimajoto cha kuaminika. Kuhusu kuchonga moldi, nitumie vipimo vya kishikio chako, tuzungumze.